PENGO LISILOZIBIKA: KASORO YA FIKRA KATIKA UCHAGUZI MDOGO WA KATA

Anapofariki diwani aliyeishika kata kwa miaka mingi, husemwa maneno ambayo sote tumeyazoea. Mbele ya jeneza husimama mwakilishi wa Chama, kisha mwakilishi wa Halmashauri, na kila mmoja hutamka kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Yakiwa ni maneno ya kuwafariji wafiwa, hatuna ugomvi nayo. Mila zetu haziruhusu maiti asemwe vibaya, na wengi wa madiwani hao walistahili sifa walizopewa. Lakini maneno yayo hayo yakitoka makaburini na kuingia katika vikao vya Chama, yakawa ndiyo msingi wa kumtafuta mgombea, kuendesha kampeni na kuyapima matokeo, hayawi tena maneno ya faraja. Yanakuwa nadharia, na nadharia hiyo ni potofu.

Makala haya yanakusudia kuichambua nadharia hiyo. Tumeamua kuitazama kutoka Rusimbi, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Hatumzungumzii marehemu fulani wala mgombea fulani, na hatusemi kwamba wanachama wa Rusimbi wana makosa kuliko wenzao wa kata nyingine. Tumeichagua kwa sababu mji huu wa pwani ya Ziwa Tanganyika uliipa nchi nzima somo juu ya uchaguzi mdogo. Chama chetu kililipa gharama ya somo hilo, lakini bado hatujalisoma hadi mwisho.

Diwani Aliyekuwa Tawi

Kwa mujibu wa taratibu za serikali za mitaa, diwani ni mjumbe wa Halmashauri anayechaguliwa na wananchi wa kata, naye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Katika maisha ya kila siku kazi yake ni kubwa zaidi. Mvuvi wa dagaa anayebishana na mkusanya ushuru mwaloni humwendea diwani. Akina mama wauza mawese wanaotaka kuingia katika mikopo ya asilimia 10, yaani 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, humwendea diwani. Kijana anayeulizwa uraia wa babu yake anapoomba kitambulisho cha taifa, jambo ambalo katika mkoa wa mpakani kama Kigoma si geni, humwendea diwani. Mwenye mgonjwa, mwenye mtoto aliyekosa shule, mwenye msiba, wote hubisha hodi mlango ule ule.

Diwani mwema huufungua mlango huo. Hapo hapana kosa. Kosa huanza pale Tawi linapoona kwamba, kwa kuwa mlango wa diwani uko wazi, mlango wa Tawi waweza kufungwa. Katibu huacha kuitisha mkutano kwa sababu "Mheshimiwa ameshalishughulikia". Balozi wa shina huacha kupeleka taarifa ya nyumba zake kwa sababu watu wenyewe wanajua njia ya kwa diwani. Wanachama huacha kujadili bajeti ya Manispaa kwa sababu yupo anayeijua kwa niaba yao. Mwaka wa kwanza hali hii huonekana kuwa ni wepesi wa kazi. Mwaka wa ishirini imekuwa ni ugonjwa. Kata ina diwani, lakini haina Chama.

Tuliwahi kuitana Ndugu. Neno hilo halikuwa pambo la midomoni. Lilikuwa na maana kwamba aliyechaguliwa na aliyemchagua wamesimama juu ya ardhi moja. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi dhidi ya majivuno, dharau na uonevu, kwa sababu waandishi wake walijua kwamba umbali baina ya kiongozi na watu haushuki kutoka mbinguni. Hujengwa kidogo kidogo, na mara nyingi hujengwa na sisi wafuasi. Diwani aliyeomba kura akiwa Ndugu, sisi ndio tuliomgeuza Mheshimiwa, kisha tukamgeuza Mzee wetu, na mwishoni tukamgeuza kuwa kata yenyewe.

Basi tuseme wazi: pengo halikuletwa na kifo. Lilichimbwa kwa miaka yote ambayo Tawi lililala. Kifo kimelifunua tu.

Historia Inatukumbusha Nini

Wapo watakaosema kwamba tunadai mambo ya vitabuni. Hebu tuitazame historia yetu wenyewe. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, Chama kiliwapelekea wananchi majina mawili kwa kila kiti cha ubunge kilichoshindaniwa, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba. Wananchi waliitumia nafasi hiyo, hata baadhi ya mawaziri wakaanguka. Chama hakikufa kwa kuanguka kwao. Kanuni ilikuwa imeeleweka: kiti ni dhamana, na dhamana hurudi kwa wenyewe kila kipindi.

Historia hiyo hiyo ina kosa pia, nalo ni vema tulitaje. Mpango wa Madaraka Mikoani uliotangazwa mwaka 1972 ulinuia kupeleka utendaji karibu na wananchi, lakini uliziondoa halmashauri walizozichagua. Watendaji walishika nafasi ya madiwani. Halmashauri za miji zikalazimika kurudishwa mwaka 1978. Sheria mpya za serikali za mitaa zikapitishwa mwaka 1982, na mwaka 1984 mfumo ukaanza upya nchini. Mwaka huo huo wa 1984 Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuzivunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa ambalo asingelirudia. Huko ndiko kujikosoa. Kama Mwalimu aliweza kusema hivyo juu ya jambo la taifa zima, Kamati ya Siasa ya Kata haina sababu ya kushindwa kusema hivyo juu ya Tawi moja.

Somo tunalolitoa hapo ni hili. Nchi ilipokosa madiwani, pengo lilikuwa la kweli, maana wananchi walinyang'anywa sauti. Diwani mmoja anapofariki, sauti haijanyang'anywa. Wananchi wapo, sheria ipo, kura ipo. Anayelia kwamba hakuna wa kushika nafasi hiyo anatangaza, bila kukusudia, kwamba kwa miaka mingi Chama hakikumwandaa mtu ye yote.

Somo la Kigoma Mjini, 1994

Mfumo wa vyama vingi ulipoanza tarehe 1 Julai 1992, chaguzi ndogo ndizo zilizokuwa majaribio ya kwanza. Mwaka 1994 zamu ilifika Kigoma Mjini, jimbo ambalo Rusimbi ni sehemu yake. Mgombea wa Chama chetu alikuwa Ndugu Azim Premji, na mshindani wake mkubwa Dkt. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA. Chama kilitangazwa mshindi.

Ushindi huo haukudumu. Shauri lilifikishwa Mahakama Kuu, matokeo yakatenguliwa, na Mahakama ya Rufani ikakataa kuyarudisha. Jambo kubwa lililothibitika ni kwamba Redio Tanzania, chombo cha umma kilichogharimiwa na wananchi wa vyama vyote na wasio na chama, ilitangaza habari za uchaguzi ule kwa kumpendelea mgombea wetu. Ujenzi wa barabara mjini katika majira ya kampeni nao ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1995 wananchi wa Kigoma Mjini walimpeleka Bungeni Dkt. Kabourou.

Wengi wetu tulilisoma jambo hili kama somo la sheria: mawakili wawe makini, redio iwe na uangalifu. Usomaji huo ni wa juu juu. Swali la itikadi ni hili: kwa nini Chama chenye mashina na matawi katika kila mtaa kilihitaji kubebwa na redio ya taifa? Mtu mwenye miguu yake haombi kubebwa. Pale mgombea anapotegemea chombo cha dola kumsemea, maana yake ni kwamba balozi wa shina, ambaye angepaswa kusema nyumba kwa nyumba, hana la kusema au hasikilizwi. Mahakama ilitengua kura. Tawi lilikuwa limekwisha kujitengua lenyewe.

Linaongezeka jambo moja linalotufundisha unyenyekevu. Dkt. Kabourou baadaye alihamia CCM, akawa mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki na kiongozi wa Chama mkoani Kigoma. Tuliyemwona adui mwaka 1994 tukaja kukaa naye meza moja. Basi wananchi waliomtaka tangu mwanzo hawakuwa wasaliti, kama ilivyopendeza baadhi yetu kusema wakati ule. Walikuwa wameona kwa mtu yule kitu ambacho vikao vyetu havikukiona.

Mji Usio Ngome ya Mtu

Tangu hapo mji huu umekwenda na kurudi. Mwaka 2005 jimbo lilirudi CCM. Mwaka 2015 lilikwenda ACT-Wazalendo pamoja na uongozi wa Manispaa, na mwaka 2020 likarudi tena CCM. Tumezoea kuita sehemu fulani "ngome yetu" na nyingine "ngome yao". Kigoma Mjini inayakataa maneno hayo. Mpiga kura wake huazima kura, haigawi moja kwa moja. Kata iliyomo katika mji wa namna hii haiwezi kuhesabiwa kuwa mali ya chama cho chote kwa sababu tu diwani mmoja aliishika miaka mingi. Huenda miaka yote hiyo ilikuwa kura ya mtu, wala haikuwa kura ya Chama, na hesabu hiyo hujulikana siku jina lake linapoondoka kwenye karatasi.

Kwa sababu hiyo twapaswa kuwa waangalifu na takwimu za ushindi. Tarehe 26 Novemba 2017 ulifanyika uchaguzi mdogo katika kata 43, na CCM ikashinda 42. Tarehe 12 Agosti 2018 zaidi ya kata 70 zilikuwa na uchaguzi mdogo, siku moja na jimbo la Buyungu mkoani Kigoma, ambalo mbunge wake wa CHADEMA, Ndugu Kasuku Bilago, alikuwa amefariki mwezi Mei. Ndugu Christopher Chiza, aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo kabla ya mwaka 2015, alikirudisha kiti CCM. Katika kata nyingi za mwaka ule mgombea wetu alipita bila kupingwa, na wapinzani walilalamika juu ya kuenguliwa kwa wagombea wao.

Walio wengi katika Chama walishangilia. Sisi tunauliza: mwanachama wa Tawi alijifunza nini kwa kupita bila kupingwa? Hakwenda nyumba kwa nyumba. Hakujibu swali gumu la mvuvi wala la mama lishe. Hakujua ni nani katika mtaa wake ameacha kukiamini Chama, na kwa sababu gani. Askari anayepewa nishani bila kupigana haongezeki ushujaa, huongezeka uzembe. Ushindi wa namna hiyo hujaza daftari la Chama na kuliacha Tawi likiwa tupu kama lilivyokuwa.

Huruma, Ukoo na Takrima

Tawi likiwa tupu, kitu kingine hakina budi kuingia. Tumeona vitu vitatu vikiingia.

Cha kwanza ni kura ya huruma. Kabla ya arobaini ya marehemu, fomu zimekwisha kuchukuliwa, na kati ya wanaozichukua yumo mtoto au ndugu wa marehemu. Hatusemi kwamba mtoto wa diwani hana haki ya kugombea. Ni mwanachama kama wengine, na apimwe kama wengine. Tunachokikataa ni hoja kwamba apewe kwa kuwa ni damu yake. Chama kilichowavunja machifu madaraka yao mara baada ya Uhuru hakiwezi kuunda uchifu mpya wa kata.

Cha pili ni ukoo na kabila. Ujiji ni mji wa kale wa watu waliokutana: Waha na Wajiji, Wamanyema na Wabwari waliovuka ziwa, na wengine waliokuja na misafara, na baadaye na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mji wa namna hii umedumu kwa sababu watu wake walijifunza kuishi msikiti mmoja, soko moja na mwalo mmoja. Mgombea anayehesabu kura kwa asili za watu anaubomoa mji ili aiongoze kata.

Cha tatu ni fedha. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliubatilisha uhalali huo, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria zimebadilika, lakini mazoea hayajafa. Katika kata moja wajumbe wa kura za maoni hujulikana kwa majina na kwa nyumba zao. Ni rahisi kuwapitia usiku, na wajumbe wanapokuwa wachache bei ya kila mmoja hupanda. Mwaka 2010 Chama kilifungua kura za maoni kwa wanachama wote; mwaka 2020 kilizirudisha kwa wajumbe. Kila utaratibu una hoja zake, lakini hakuna utaratibu utakaoponya ikiwa mwanachama mwenyewe haoni tofauti kati ya kupiga kura na kuuza dagaa.

Hoja ya Wanaotupinga

Wapo ndugu wanaotujibu kwa hoja nzito kidogo. Wanasema: uzoefu ni mali. Diwani wa vipindi vingi anajua kusoma makisio ya Manispaa, anajua ni afisa gani anayekalia faili, anajua ahadi ipi ilitolewa mwaka gani. Mkimtaka mtu mpya kila mara, mtawapa watendaji nafasi ya kuwazungusha wageni.

Hoja hii ina ukweli, na hatuipuuzi. Hatudai kwamba diwani mzuri aondolewe kwa sababu ya miaka yake. Tunadai kwamba anachokijua kisibaki kichwani mwake. Ahadi ya mwaka fulani iandikwe katika kumbukumbu za Tawi. Makisio ya Manispaa yasomwe mbele ya wanachama, kwa Kiswahili chepesi, kabla na baada ya kikao cha Halmashauri. Kijana mmoja au wawili, mwanamke mmoja au wawili, waandamane na diwani katika kazi zake ili wajifunze. Diwani aliyekaa miaka ishirini na akaacha watu kumi wanaoweza kuifanya kazi yake ni kiongozi wa kweli. Aliyekaa miaka hiyo na hakuacha hata mmoja, hata kama alipendwa, alituachia deni.

Na wa kuandaliwa hawatafutwi mbali. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana, riziki ya familia nyingi za pwani hii iliguswa. Katika wakati wa namna hiyo yupo anayesimama mwaloni akawaeleza wenzake sababu ya kufunga, kisha akageuka akawaeleza wakubwa taabu ya wenzake, bila kumwogopa upande wo wote. Huyo ndiye kada. Hakuwa na fomu mkononi wala wapambe nyuma yake. Swali ni kama Tawi lilimwona, likaliandika jina lake, likamwita darasani. Kama halikumwona, siku ya uchaguzi mdogo litaletewa mtu kutoka mjini mwenye gari na fulana, nalo litampigia makofi kwa sababu halina mwingine.

Yapasayo Kutendwa

Tunapendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wa kata yenyewe.

Kwanza, diwani afapo, mkutano mkuu wa Tawi ukae kabla ya fomu ya kwanza kuchukuliwa, na ajenda yake isiwe majina. Iwe ni hali ya kata: nini kiliahidiwa, nini kimefanyika, nini kimekwama, na sisi wanachama tulikuwa wapi. Mgombea atakayepatikana apewe taarifa hiyo kuwa ndiyo ilani yake ya kata.

Pili, viongozi wa juu wanaokuja kusaidia kampeni waje kama wageni wa Tawi. Jukwaa likijaa watu wa wilaya, mkoa na taifa, huku balozi wa shina amesimama juani nyuma ya umati, wananchi huelewa mara moja nani ataondoka jioni na nani atabaki, na kwamba atakayebaki hakupewa hata nafasi ya kusalimu.

Tatu, matokeo yajadiliwe kwa namna moja, tumeshinda au tumeshindwa. Tukishinda, tujue ni kwa kazi ya nani na kwa njia gani. Tukishindwa, tusikimbilie kutafuta msaliti. Kata iliyompa kura mtu wa chama kingine imetuambia jambo, na wajibu wa Chama ni kulisikia.

Hatimaye turudi makaburini tulikoanzia. Tunawaomba ndugu zetu wanaopewa kipaza sauti siku ya msiba wa diwani waseme wema wa marehemu kwa ukamilifu, wawape pole wafiwa, na waliache lile neno la pengo. Waseme badala yake majina ya wale aliowafundisha. Na kama hakuna jina la kutaja, wanyamaze, kisha waende wakaifungue ofisi ya Tawi.